Uzi: Mtoto kaleta insha nzuri, AI (akili mnemba, ile programu inayojibu masuali na kuandika) ipo kwenye simu ya mamake, mwalimu ufanyeje? (mrefu kidogo, someni mpaka chini)

Maalim wa Chake (mwenye uzi)

Asalaam alaykum wadau, khasa walimu wenzangu na wazazi wa Unguja na Pemba. Mie ni mwalimu wa Historia, nasomesha skuli moja ya sekondari huku Pemba, mwaka wa kumi na nne huu. Nimekaa na jambo hili tokea muhula uliopita na kila nikitaka kuliandika naona haya, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mwenyewe. Leo naliandika.

Fomu wani kuna mada ya vyanzo vya historia, masimulizi ya wazee, magofu, nyaraka, makumbusho na kadhalika. Sie tuliopo Chake tuna bahati, magofu ya Pujini yapo hapo hapo, kilomita kama kumi tu kutoka mjini, watoto wengine wanaishi karibu kabisa. Nikawapa kazi ya nyumbani, kurasa mbili kwa Kiingereza (maana ndo lugha ya somo), waeleze ngome ya Pujini na waseme habari zao wamezipata wapi.

Zikarudi insha 43. Nikaanza kusahihisha usiku, ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu nikaona mbona hii nishaisoma. Kumi na moja zina mwanzo mmoja, ule wa "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, urithi wa kihistoria una nafasi muhimu", mtoto wa miaka 13 huyo, jana yake kashindwa kuniandikia sentensi ya "jana nilikwenda sokoni". Na nne kati ya hizo zinasema ngome ile walijenga Wareno! Yaani mtoto anaishi Pujini, bibi yake tokea yuko mdogo anamsimulia Mkama Ndume, mtawala wa zamani aliyeijenga ngome ile, alivyowatesa watu wabebe mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, anamsimulia kile kisima chenye ukuta katikati ili wake wawili wasionane wakiteka maji, halafu mtoto huyo huyo anakuja kuniandikia Wareno kwa sababu simu imemwambia Wareno. Hapo niliumia kuliko huo udanganyifu wenyewe.

Hasira zikanipanda. Nikaingia kwenye intaneti nikatafuta ile mitandao inayodai inakupimia maandishi kama ni ya mtu au ya mashine, nikawa napiga picha insha, nageuza kuwa maandishi, natia. Asubuhi nikaingia darasani nikaita majina kumi na mbili. Wale kumi na moja waliinamisha vichwa. Wa kumi na mbili alikuwa mtoto mmoja wa kike, mkimya, wa mstari wa mbele, kipimo kilimtolea asilimia tisini na kitu. Akaniambia "maalim, hii nimeandika mimi". Nikamwambia mashine imeshasema. Nikampa sifuri mbele ya wenzake. Hakulia pale, alikwenda kulia chooni, wenzake ndo walokuja kunambia.

Naendelea chini.

Maalim wa Chake

Siku ya pili akaja babu yake. Ni mzee wa makamo ya sabini hivi, anasomesha chuo cha Qur'ani kwa miaka mingi na ana mikarafuu yake michache. Nilidhani kaja kugomba. Akatoa salamu, akakaa, akaniuliza khabari za nyumbani, kisha akatoa daftari la mjukuu wake kwenye mfuko wa plastiki. Mlikuwa na insha ile ile, imeandikwa mara tatu. Ya kwanza nusu Kiswahili nusu Kiingereza, maneno kafuta, kachora mshale, pembeni kaandika "babu kasema", "shangazi kasema sio hivyo". Ya pili imekaa sawa kidogo. Ya tatu ndo niliyopewa mie.

Mzee akaniuliza suali moja tu, "Maalim, uliitia mkono?"

Sikumfahamu. Akanikumbusha kisa ambacho sote tulisomeshwa chuoni, Mtume (SAW) alipopita sokoni akakuta rundo la chakula linauzwa, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenyewe, nini hiki? Akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia, kwa nini basi usikiweke juu watu wakakiona? Kisha ndo yale maneno ya kwamba anayeghushi si katika sisi. Mzee akasema, "Hata pale kituo cha karafuu, mnunuzi hatizami juu ya gunia akakuambia kavu au mbichi. Hutia mkono. Wewe umeuliza mashine nyengine ikutizamie gunia kwa mbali."

Nilimuomba radhi yule mtoto mbele ya darasa lile lile nililomuaibisha, na alama zake nikamrejeshea. Nasema hivi makusudi kwa walimu wenzangu, kama umemtuhumu mtoto hadharani basi na radhi iwe hadharani, usimwite ofisini ukamnong'oneza.

Baada ya hapo nikakaa nisome hivi vipimo ni kitu gani. Mnajua kwamba hao hao kampuni ya OpenAI waliotoa ChatGPT, moja katika hizi AI, mwezi wa Novemba 2022 walitoa na kipimo chao Januari 2023, wakasema wenyewe kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na asilimia 9 ya maandishi ya binaadamu kinayasingizia, na Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu hakiaminiki? Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 walichukua insha 91 za TOEFL, yaani ule mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani insha zaidi ya nusu, kama asilimia 61, ziliambiwa ni za AI. Insha za watoto wa Kimarekani zilipita karibu zote salama.

Sababu yake ukiielewa utasikitika. Vipimo vile vinatizama kama maneno yanatabirika, ukitumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka unaonekana mashine. Sasa mtoto wa Pemba anayejifunza Kiingereza ataandika vipi kama si kwa maneno machache aliyonayo, na ule mpangilio wa kwanza, pili, mwisho tuliomfundisha sie wenyewe? Aliyetii mwalimu ndo anayekamatwa. Anayejua Kiingereza cha kujitapa anapita. Kwa hio mie vipimo hivyo nimeviacha kabisa na nawaomba mviache, angalau msivitumie kumhukumu mtoto.

Ticha wa Mjini

Maalim Mungu akulipe kwa kusema ukweli. Lakini hebu tuambie ulifanya nini baada ya hapo maana mie niko Unguja, darasa lina watoto 80 na kitu, mikondo miwili, vipimo nisitumie, kuwahoji mmoja mmoja siwezi, sasa kutia mkono nitie vipi? Mikono yenyewe miwili.

Maalim wa Chake

Ticha suali lako ndo nilokuwa nalisubiri. Nitasema ninavyofanya sasa, si kwamba nimepata dawa.

Insha haikai nyumbani tena kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Dakika 20 za mwisho wa kipindi wanaanza pale pale darasani, aya moja tu, kwa kalamu, na kama Kiingereza kimegoma waandike Kiswahili. Lile karatasi nalipiga muhuri wa tarehe nalirudisha kwao, wakija na insha kamili wanakuja nalo. Mtu akianza na aya mbovu ya Kiswahili kisha akaja na kurasa mbili za Kiingereza cha profesa, sina haja ya mashine kuniambia kitu.

Kisha kila kazi naweka majina kwenye kopo la maziwa natoa sita. Sita tu, Ticha, hata ungekuwa na mia. Hawajui nani atatoka na aliyetoka leo anarudi koponi, hawezi kusema mie nishapita. Kila mmoja dakika tatu, tunakaa chini ya mwembe wengine wakiwa na kazi nyengine, anashika insha yake. Namuuliza sentensi hii maana yake nini kwa Kiswahili. Namuuliza hili umelipata kwa nani. Namuuliza ungepewa siku moja zaidi ungebadilisha wapi, na hilo la tatu ndo linalofichua, maana aliyeandika mwenyewe siku zote ana pahala panamkera, aliyechukua kwenye simu anakwambia hakuna maalim, iko sawa yote.

Alama nimezigawa, katika 20 insha yenyewe ina 8 tu. Zilizobaki ni za karatasi la mwanzo, za kutaja vyanzo na za kujieleza. Mwanzo watoto walilalamika, khasa waliokuwa wanapata 18 kila siku bila jasho.

Na la mwisho ambalo mie naliona ndo kubwa kuliko yote, kila insha juu kabisa, kabla ya kichwa, wanaandika mistari mitatu. Nani au nini kimenisaidia. Kimenisaidia pahala gani. Nini nimekifanya mwenyewe. Darasani tunaita "kuweka mbichi juu". Kwa sababu ukikirudia kile kisa cha rundo la chakula, yule muuzaji hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Aliulizwa kwa nini mbichi ameifukia. Mtoto akiniandikia juu "AI imenisaidia kutafsiri aya ya pili" simpigi, simnyimi, namuuliza tu nisomee hio aya ya pili tuone umeielewa. Akificha nikaikuta chini, hapo ana kesi na mie.

Mdau wa Gombani

Maalim nakuheshimu ila mnapigana na bahari. Hata kikokotoo kilipokuja walimu walisema watoto hawatojua hesabu. Dunia nzima inatumia AI, ofisini wanatumia, waacheni watoto wazoee mapema. Na kwenye mtihani wa taifa simu haingii, aliyezoea kubebwa atafeli mwenyewe ndo fundisho lake.

Maalim wa Chake

Kaka yangu, kikokotoo hakijawahi kukwambia saba mara nane ni hamsini na tisa kwa sauti ya kujiamini. Hichi kinafanya hivyo, na mtoto ambaye hajui ya kwake hana cha kukipimia.

Na hilo la kusubiri afeli mtihani wa BMZ (Baraza la Mitihani Zanzibar) wa kidato cha pili au wa NECTA kidato cha nne mie sikubaliani nalo hata kidogo. Mtoto anafeli muda mrefu baada ya kosa, wakati huo mie mwalimu nipo naona tu? Na anayefeli ni nani, ni mtoto wa mvuvi ambaye hana tuisheni wala pesa ya kurudia. Wa mwenye nazo atatafutiwa skuli nyengine.

Wallahi sikatazi AI. Nilifanya nao jaribio, nitalisimulia maana wengi mtalipenda. Niliingia na simu yangu na bando langu. Kwanza nikaandika ubaoni "Haba na haba", nikanyamaza. Darasa zima likapiga kelele "hujaza kibaba!" Nikawauliza, nani katika nyie ameshawahi kupima kibaba? Hakuna. Kibaba chenyewe ukubwa gani? Hawajui. Sasa mbona mmejibu? Wakacheka. Nikawaambia basi na hii ndivyo inavyofanya kazi, imesomeshwa maandishi mengi mno, ikapewa kazi ya kukisia neno gani linafuata, ukiipa mwanzo inakutilia mwisho. Pahala palipoandikwa sana, inakisia vizuri mno mpaka utashangaa. Pahala palipoandikwa kidogo, na Pemba yetu imeandikwa kidogo, mara nyingi haikwambii "sijui", inatia kinachofanana.

Nikaiuliza mbele yao ngome ya Pujini alijenga nani. Ikajibu. Nikafungua mazungumzo mapya nikauliza tena kwa maneno mengine, ikajibu vyengine. Mara ya tatu vyengine tena. Nikaandika majawabu matatu ubaoni, Wareno, sultani wa Oman, na la tatu Mkama Ndume lakini wamemtupa karne nyengine kabisa badala ya ile ya 15 ambayo ndo watafiti wa magofu wanaitaja. Nikawapa kazi, kila mmoja akatafute kwao nani anajua, arudi aniambie katika haya matatu lipi lina mwenyewe. Wikiendi ile wazee wa Pujini walipata wageni! Kuna kijana kaniletea ugomvi wa babu zake wawili, mmoja anasema ukuta wa kisima ni kwa ajili ya wake wawili, mwengine anasema ni mke upande mmoja na mtumwa upande wa pili. Nikamwambia andika yote mawili na majina ya waliosema, usiwapatanishe.

Ustadhi Konde

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote na nimeona nisipite kimya, kwa sababu sie wa vyuoni jambo hili limetugusa kabla yenu. Nimeletewa na kijana hadithi ya "Mtume", imeandikwa vizuri, imetajwa kitabu na nambari. Nikafungua kitabu, nambari ile ina hadithi nyengine kabisa, na ile aliyoniletea haipo popote ninapojua. Nikamuuliza umeipata wapi akasema AI. Kijana mwenyewe hakukusudia baya, alikuwa anatayarisha mawaidha.

Wanavyuoni wetu walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha maneno ya mtu mmoja. Hadithi haitajwi hivi hivi, ina isnadi, fulani kasikia kwa fulani naye kwa fulani mpaka juu, na kila mmoja katika mnyororo huo anaangaliwa, alikuwa mkweli? hifadhi yake nzuri? alikutana kweli na huyo anayemnukuu? Ukikatika mnyororo hadithi inadhoofika hata kama maneno matamu. Watoto wetu wanalijua hili tokea wadogo, "imepokewa na Abu Huraira", "imepokewa na Bibi Aisha". Maalim tumia hilo. Msidhani mnawaletea watoto wa Zanzibar kitu kigeni mnaposema taja chanzo chako.

Maalim wa Chake

Sheikh ahsante sana, umesema kitu nilichokuwa nakizunguka zunguka sijakipatia jina. Miaka yote nimewasomesha watoto kutaja chanzo kama vile ni sheria ya Wazungu ya kuweka mabano na mwaka, wanaona uchovu mtupu. Kumbe saa kumi jioni mtoto huyo huyo yuko chuoni anakaririshwa nani kapokea kwa nani na haoni uchovu, kwa sababu huko ameambiwa kwa nini. Jumatatu naanza na hilo.

Na hilo la nambari ya kitabu kisichokuwepo si kwa vijana wa vyuoni tu. Mwaka 2023 New York mawakili wawili walipeleka mahakamani maandishi yaliyotaja kesi za zamani zilizotungwa na ChatGPT, majina ya kesi, mahakama, nukuu, vyote vimepangwa vizuri na kesi zenyewe hazijawahi kuwepo duniani. Jaji akawatoza faini dola 5,000. Hao ni mawakili wenye miaka kazini, hawakutia mkono. Mtoto wa fomu wani tutamlaumu vipi kama hajaoneshwa?

Sita B

Shkamoo maalim. Mie mwanafunzi wa kidato cha sita, naomba niseme bila ya kuonekana sina adabu. Walimu mnatusema sisi lakini na nyie mnatumia. Kuna mwalimu alituletea noti zimeandikwa mwishoni "je, ungependa niongeze mifano zaidi?" kasahau kufuta. Mtihani wa majaribio nao suali moja halikuwa kwenye silabasi kabisa, tulivyouliza hakuna aliyejua limetoka wapi. Sasa sisi tukaambiwe amana na nani?

Maalim wa Chake

Marahaba mwanangu. Hujakosa adabu, umesema haki na nakujibu kwa haki. Mie nimetumia AI kutengeneza andalio la somo, si mara moja. Tuna vipindi vingi, maandalio yanatakiwa kila wiki, mwalimu amechoka, anaandika mada kwenye simu anapata andalio zima kwa dakika moja. Nimelipeleka kwa mkuu wa idara likasainiwa na sikusema kitu. Kwa hio na mie nilifukia mbichi chini.

Tokea lile tukio, karatasi yoyote ninayowapa watoto wangu na mie naandika mistari mitatu juu, kama wao. "Masuali 1 mpaka 6 nimetunga mwenyewe, la 7 nimesaidiwa na AI, nimelihakiki kwenye kitabu cha darasa." Wiki ya kwanza nikiandika hivyo kuna mtoto alinyoosha mkono akasema maalim tunataka kukutia mkono, nikakaa kwenye kiti wakaniuliza masuali matatu yale yale. Sijawahi kuona darasa limekaa kimya vile.

Noti zile mlizoletewa, nendeni kwa mwalimu mwenyewe kwa upole, mmoja au wawili, msimuanike kwenye grupu la WhatsApp. Mie najua anavyojihisi mtu akianikwa kwa sababu nilimuanika mtoto.

Mama Mkoani

Asalaam alaykum. Mie si mwalimu, mie mzazi, nimesoma mpaka darasa la saba basi. Mwanangu yuko fomu too anachukua simu yangu kila usiku, nikimuuliza ananambia nafanya homuwaki, nikichungulia kuna Kiingereza kingi siking'amui. Bando linaisha. Nikimnyima nahisi nitamkosesha masomo, nikimpa sijui anasoma au anachukuliwa akili. Maalim mie nisiyejua Kiingereza nitamtia mkono vipi mtoto?

Maalim wa Chake

Dada yangu, wewe ndo unaweza kuliko mie, amini. Akimaliza hio kazi mwambie aweke simu chini, kifudifudi, akae akusimulie kwa Kiswahili alichoandika. Yote. Wewe uliza tu kama unavyouliza khabari ya harusini, nani alikuwepo, ikawaje, kwa nini. Kama kaandika mwenyewe atakusimulia mpaka umkatize. Kama hakuandika utamuona anatafuta simu kwa macho. Hapo usimpige wala usimtukane, mwambie nenda kaisome mpaka uweze kunisimulia, mie nakusubiri. Hata kama ilitoka AI, akishaweza kukusimulia kwa lugha yake ameshasoma kitu.

Na kuna jambo wazazi wengi hamlijui, wengi wao hawadanganyi kwa uvivu. Masomo yote karibu ni Kiingereza, mtoto jawabu analijua kichwani kwa Kiswahili lakini akifika kuliandika ulimi unafungwa, anaona aibu kuandika kibovu, simu inampa kizuri. Mie darasani sasa nawaambia nipe kibovu chako nitakipokea. Nilichelewa sana kulisema hilo.

Ticha wa Mjini

Narudi wadau. Nimejaribu lile kopo juzi na wangu wa fomu thrii, nimetoa sita. Wanne walijieleza vizuri. Mmoja alisema wazi kaka yake kamuandikia, si AI hata kidogo, kaka! Yaani tumeshughulika na simu tumesahau makaka na madada na wale wa steshenari wanaouza kazi zilizochapwa tokea zamani. Wa sita alinyamaza kisha akasema maalim naomba niandike upya. Nikamkubalia. Dakika 25 jumla, kipindi hakijaisha.

Mistari mitatu ya juu ndo imenishinda, wanaandika "nimefanya mwenyewe" darasa zima. Kweli ya sita niliowahoji naijua, ya wengine sijui.

Maalim wa Chake

Na wangu walianza hivyo hivyo Ticha, kama wiki tatu. Wanakutizama kwanza. Wanataka kujua wa kwanza atakayesema kweli atafanywa nini. Kwa hio yule wa kaka yake na yule aliyeomba kuandika upya, wenzao wanawatizama hao sasa hivi. Usiwapunguzie alama kwa kusema, punguza kwa kazi isiyofanyika, na uwaambie tofauti yake kwa sauti.

Mama Mkoani

Maalim nimefanya. Usiku wa kwanza kanyamaza kakasirika akalala. Usiku wa pili kakaa kanisimulia mambo ya mmong'onyoko wa ardhi, nikamwambia si kama pale bondeni kwa babu yako mvua za masika zilivyochukua migomba? Akasema ehee mama ndo hivyo hivyo. Akachukua daftari akaongeza kitu, sijui kaandika nini lakini kaandika kwa kalamu. Sasa kaniuliza ile mistari ya juu inaandikwaje, mwalimu wake hajawaambia lakini yeye anataka kuiweka. Nimwambie nini?

Maalim wa Chake

Dada umenifurahisha mpaka sijui niseme nini. Mpe huu mfano, ni wa yule mtoto wa kike niliyemdhulumu, kazi yake ya mwezi uliopita juu ya kisima cha Pujini. Nimemuomba ruhusa yeye na babu yake wamekubali niuweke, bila jina:

"Nimesaidiwa na babu (habari za kisima, naye kasikia kwa mama yake), na shangazi ambaye amembishia babu, na AI kwenye simu ya mama.
AI nimeiuliza neno moja tu la Kiingereza, la ukuta unaogawa kisima, imenipa matatu nikachagua moja, sina hakika kama ndilo.
Nilichofanya mwenyewe ni kwenda na kamba kupima kisima, kuandika, na kuandika tena. Aya ya nne bado sijaipenda."